Mwili kukaa kimya sio dalili kwamba uko salama

Kwenye ngozi ya binadamu hakuna kitu kinachojua kulowa. Hamna kabisa. Kuna vipokezi vya mguso, vya mgandamizo, vya mtikisiko, vya joto, vya baridi, vya maumivu, lakini cha maji hakipo, na bado ukikalia kiti kilichomwagikiwa maji unaruka hapo hapo unasema nimelowa. Ubongo hapo unakisia. Umepata taarifa ya ubaridi wa ghafla, umepata na taarifa ya kitambaa kinachogandia ngozi, unazijumlisha unatoa jibu, na mara nyingi jibu linakuwa sahihi. Ila nenda kaanue nguo kwenye kamba usiku, shika shati lililokauka lakini limepoa, utaligeuza, utalifinya, utaliweka mpaka shavuni na bado huna uhakika kama limekauka au bado lina unyevu, maana ubaridi upo, na wewe cha kupimia maji hukupewa.

Nimeanza na hilo kwasababu mazungumzo mengi kuhusu milango ya fahamu yanakuwa ya kusifia tu, jicho la ajabu, sikio la ajabu, na kweli ni vya ajabu sibishi, ila sifa zimetuzalia imani moja ambayo mi naona inaumiza watu kila siku: kwamba kungekuwa na shida ningeisikia. Presha ingepanda ningejua. Hewa ingekuwa na sumu ningekohoa. Muziki ungezidi masikio yangeuma. Kidonda kingekuwepo mguuni si ningehisi jamani. Hizo kauli nne zote zinaweza kuwa uongo kwa mtu mmoja ndani ya siku moja, na kosa wala sio uzembe wake, ni namna vipokezi vyenyewe vinavyofanya kazi.

Tuangalie vinafanyaje. Kipokezi ni seli, au ncha ya neva, ambayo kwenye utando wake kuna protini zenye vijitundu vinavyofunguka na kufunga (vingine, kama vya kunusa, protini inayonasa harufu na kijitundu ni vitu viwili tofauti ila mwisho wa siku kijitundu lazima kifunguke). Kikija kile kinachokihusu, iwe joto, msukumo au kemikali, kijitundu kinafunguka, chembe zenye chaji kama sodiamu na kalsiamu zinaingia, volteji ya seli inabadilika, na ikibadilika vya kutosha neva inarusha mapigo ya umeme kwenda kwenye ubongo. Basi. Joto lenyewe halisafiri, harufu haisafiri, sauti haisafiri, kinachosafiri ni pigo la umeme, na pigo linalotoka jichoni halina tofauti na linalotoka kidoleni. Edgar Adrian kule Cambridge miaka ya 1920 ndo alifanikiwa kurekodi neva moja moja akaonyesha kwamba mapigo yote yana ukubwa uleule, kitu kikizidi nguvu kinachoongezeka ni idadi ya mapigo kwa sekunde, akapewa Nobel mwaka 1932 pamoja na Charles Sherrington.

Sasa kama mapigo yote yanafanana ubongo unajuaje hili ni mwanga na hili ni sauti? Ni kama kubipiwa, anayekubipu hasemi neno hata moja, we unajua anachotaka kwa kuangalia namba ni ya nani. Ubongo nao unaangalia ni neva gani imepiga, ikipiga ya jicho basi ni mwanga, hata kama mwanga haupo. Mjerumani Johannes Müller alilisema hili tangu miaka ya 1830 na unaweza kulijaribu sasa hivi, fumba macho, bonyeza taratibu sana kona ya nje ya jicho juu ya kope, utaona kiduara cha mwanga upande wa puani. Hakuna mwanga ulioingia. Umeisukuma retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa kidole, retina ikapiga, ubongo ukapokea ukasema mwanga. Watu wanasema nimeona kwa macho yangu kana kwamba ndo mwisho wa ubishi, wakati kidole tu kinatosha kulidanganya jicho.

Kwenye ngozi mchezo huo huo anaucheza pilipili. Mwaka 1997 timu ya David Julius kule San Francisco iliipata protini ambayo kapsaisini, ile kemikali kali ya pilipili, inaifungua. Walipoiangalia vizuri wakakuta protini hiyo hiyo inafunguka pia kwa joto linalokaribia nyuzi 43, yaani pale joto linapoanza kuwa la kuunguza. Leo inaitwa TRPV1. Kwahiyo pilipili mdomoni haikuunguzi, hakuna kinachopanda joto, ila neva iliyopiga ni ile ya kuungua, na ubongo hauna namna ya kuuliza mara mbili, unaagiza jasho, unaagiza machozi, unaagiza mate. Mentholi, ile ya kwenye pipi za mint, inafanya hivyo hivyo upande wa baridi kupitia protini nyingine inayoitwa TRPM8. Ndege wao wana TRPV1 inayosikia joto lakini kapsaisini haiigusi, ndo maana wanameza pilipili kwa raha zao na kwenda kuzitapanya mbegu huko mbali, mmea umechagua nani aumie na nani asiumie.

Na hiyo TRPV1 haina hata kiwango kimoja cha kudumu. Ngozi ikivimba au ikiungua na jua, kemikali za uvimbe zinaishusha, ile nyuzi 43 inateremka mpaka kwenye joto la kawaida kabisa, ndo maana mtu aliyebabuka na jua akioga maji ya uvuguvugu anapiga kelele. Maji hayajabadilika, kipokezi ndo kimebadilika. Mwenzake Julius kwenye Nobel ya 2021, Ardem Patapoutian, yeye alitafuta kipokezi cha mguso kwa njia ya kuchosha mno, walikuwa na seli ambazo ukizichokonoa na kisindano cha kioo zinatoa umeme kidogo, wakaorodhesha jeni 72 zinazoweza kuhusika wakawa wanazizima moja baada ya nyingine mpaka wakafikia ile ambayo ikizimwa seli haijali tena kuchokonolewa. Mwaka 2010 wakatangaza Piezo1 na Piezo2. Hebu fikiria, mtu kashatembea mwezini tangu 1969 lakini protini inayokufanya ujue umeshikwa mkono imejulikana juzi tu hapa.

Niwe muungwana kidogo, kwa kile vilichoumbiwa vipokezi vinatisha. Mwaka 1942 Hecht, Shlaer na Pirenne walipima watu waliokaa gizani mpaka macho yakazoea, wakakuta mtu anaona mmweko hata kama fotoni, yaani chembe moja moja za mwanga, zilizonaswa kwenye retina ni kati ya 5 na 14 tu. Fotoni moja inatosha kuiamsha seli fimbo moja, zile seli za retina za kuonea gizani. Na kuna jambo la kuchekesha hapo, seli za jicho zinapokea mwanga kinyumenyume, gizani ndo zina umeme mwingi na zinamwaga kemikali muda wote, mwanga ukiingia zinapunguza, yaani habari ya mwanga kwa jicho ni seli kunyamaza. Lakini uwezo wote huo upo ndani ya kijidirisha chembamba, mawimbi ya mwanga yenye urefu wa kuanzia kama nanomita 380 mpaka 750. Ukitoka hapo hata kidogo, nyuki anaona urujuanimno wewe huoni, nyoka wa jamii ya pit viper ana vishimo usoni vinavyonasa joto la panya gizani wewe huna, na mionzi ya nyuklia inaweza kukupita mwilini kwa kiwango cha kuua na usihisi chochote dakika ile. Kipokezi cha mionzi hatuna kwasababu mababu zetu hawakuwahi kukutana nayo kwa wingi kiasi cha kuwachuja.

Hata ndani ya hicho kijidirisha vipokezi haviripoti kilichopo, vinaripoti kilichobadilika. Hili ndo watu wengi hawalielewi. Ndani ya ngozi ya vidole kuna vitu vinaitwa vipokezi vya Pacini, neva iliyoviringishiwa tabaka nyingi nyingi, kazi yake ni mtikisiko, hasa ule wa mara 200 mpaka 300 kwa sekunde. Ukigandamiza inapiga, ukiendelea kugandamiza bila kusogea inanyamaza, ukiachia inapiga tena. Katikati kimya, ingawa kitu kipo palepale. Ndo maana huihisi nguo uliyovaa. Jicho nalo, kama lingetulia tuli kwelikweli picha ingefutika yenyewe, Troxler aliligundua mwaka 1804 kwamba ukikazia macho nukta moja vitu vya pembeni vinapotea polepole, na kinachotuokoa ni kwamba jicho lina vijitetemo vidogo vidogo muda wote kwahiyo kwa retina dunia haitulii. Na lile jaribio la zamani la ndoo tatu, mkono mmoja weka kwenye maji ya moto ya kuvumilika, mwingine kwenye ya baridi, subiri dakika moja hivi, alafu zamisha yote miwili kwenye ndoo ya katikati yenye maji ya vuguvugu: mkono huu utasema baridi ule utasema moto, maji ni yaleyale, mtu ni yuleyule. Ukiulizwa maji yana joto gani huna jibu.

Kwa kuishi porini huo ni mpango mzuri sana, kitu kilichotulia mara nyingi hakina madhara, kilichobadilika ndo cha kuangalia, na ubongo hauwezi kusikiliza kila kitu muda wote. Tatizo linaanza pale hatari inapokuwa ni kitu kinachoingia polepole au kinachobaki palepale.

Mfano gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka mayai viza, inayopatikana kwenye mashimo ya maji taka, visima vya mafuta na matangi ya samadi. Pua inaigundua ikiwa kidogo mno, chini hata ya sehemu moja kwa milioni. Raha iliyoje. Ila ikifika kama sehemu 100 kwa milioni kwenda juu inaiua ile hali ya kunusa yenyewe, harufu inatoweka, na aliyeko shimoni anajiambia aah imeisha, kumbe ndo imezidi, na ikizidi zaidi ya hapo anaanguka. Alafu mwenzake aliyeko juu anaona kimya, anashuka kumwokoa, naye hanusi kitu. Vifo vya watu wawili watatu kwenye shimo moja vinatokea hivi hivi, kila anayeshuka ameiamini pua yake.

Hiyo angalau mwanzoni inanuka. Kaboni monoksaidi hainuki kabisa, haina rangi, haiwashi koo, na hapa nataka tukae kidogo maana ndo mfano mzuri kuliko yote wa mwili wenye walinzi ambao adui anawapita mlangoni wanamsalimia. Kwenye shingo, pale mshipa mkubwa wa damu unapogawanyika, kuna kiungo kidogo kama punje ya mchele kinaitwa mwili wa karotidi, kazi yake kuonja oksijeni ya damu, na Corneille Heymans alipata Nobel ya 1938 kwa kuonyesha jinsi hiki na wenzake wa kwenye aota, ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, wanavyoiongoza pumzi. Kwenye shina la ubongo kuna vipokezi vingine vinavyofuatilia kaboni dayoksaidi kupitia uasidi inaouleta. Ulinzi mara mbili, sawa? Sasa moshi wa jiko la mkaa au jenereta unaingia chumbani. Kaboni monoksaidi inashika himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwahiyo mabehewa yote ya damu yanajaa abiria asiyetakiwa na oksijeni inakosa pa kupanda. Lakini mwili wa karotidi hauhesabu himoglobini, unapima msukumo wa oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji ya damu, na hiyo haijapungua sana, kwahiyo kwa upande wake mambo ni shwari. Na kwakuwa bado unapumua vizuri unatoa kaboni dayoksaidi kama kawaida, kwahiyo shina la ubongo nalo linasema shwari. Hakuna kukosa pumzi, hakuna kuhema, hakuna kushtuka usingizini. Kuna kichwa kuuma kidogo, kichefuchefu, uchovu, mtu anasema labda mafua ngoja nijilaze. Anajilaza.

Ndo maana nikisikia mtu anasema aliacha jiko linawaka ndani ila angesikia vibaya angetoka, naishiwa nguvu. Angesikia na nini? Wewe kinachokufanya uhisi kubanwa pumzi kwa sehemu kubwa sio kukosa oksijeni, ni kujaa kwa kaboni dayoksaidi. Waogeleaji wanaozama kwa kubana pumzi wanakufa kwa sababu hii hii, anahema haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama akidhani anajaza oksijeni, kumbe anachofanya ni kuimwaga kaboni dayoksaidi, ile hamu ya kuvuta hewa inachelewa kuja, oksijeni inaisha kabla haijafika, anazimia chini ya maji bila hata kuteseka. Na aliyeingia kwenye tangi lililojaa nitrojeni naye anaanguka bila kuhisi kubanwa, maana hewa chafu anaitoa vizuri tu. Kwa mambo haya hakuna mafunzo ya kuusikiliza mwili yatakayosaidia. Kinatakiwa kifaa ukutani kinacholia, na mlango wazi, na jenereta ikae nje mbali na dirisha. Full stop.

Turudi kwenye presha, maana hii ina wenyewe. Wapo watu wameandikiwa dawa, wanazimeza siku wakisikia kichwa kinagonga au kisogo kizito, wakisikia nafuu wanaacha, ukimuuliza anakwambia mimi presha yangu naijua ikipanda. Hajui. Vipokezi vya presha tunavyo kweli, vipo kwenye kuta za mishipa ya shingoni na kwenye aota, ncha za neva zinazovutika ukuta unapotanuka, vinafanya kazi kila pigo la moyo, ukisimama ghafla kutoka kitandani ni hivyo vinavyoukimbiza moyo usidondoke. Ila ripoti zake haziendi kwenye sehemu ya ubongo unayoitumia kujua kitu, zinaishia huko chini kwenye shina la ubongo. Na kibaya zaidi vinazoea. Presha ikipanda ikakaa juu siku kadhaa wiki kadhaa, vinahamisha kiwango, ile ya juu inakuwa ndo kawaida mpya na vinaanza kuilinda isishuke! Yaani mtu anategemea kuambiwa na kipokezi ambacho chenyewe kimeshahamia upande wa pili. Shirika la Afya Duniani linakadiria karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu hawajui kama wanayo, mi takwimu hiyo hainishangazi, ningeshangaa kama wangejua. Kuna wanaosema machale yaliwacheza ndo wakaenda kupima, sawa, machale yashukuriwe, ila kilichoijua presha ni ile mashine yenye mkanda wa mkononi.

Sikio. Ndani ya koklea ya kila sikio, kile kijibomba kilichojikunja kama konokono, kuna seli zenye vijinywele kama 15,000 hivi, na zile zinazofanya kazi kubwa ya kupeleka sauti kwenye ubongo, za safu ya ndani, ni kama 3,500 tu. Tatu na nusu elfu kwa maisha yako yote ya kusikia. Kwa ndege zikifa zinaota nyingine, kwa sisi hazioti. Sasa maumivu ya sikio kwa sauti yanaanza kwenye desibeli 120 hivi kwenda juu. Lakini madhara yanaanza desibeli 85 ukikaa nayo saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama unakatika nusu, 88 saa 4, 91 saa 2, ukifika 100 ni dakika 15. Angalia hilo pengo kati ya 85 na 120, lote hilo ni eneo ambalo seli zinaumizwa na sikio haliumi, na hedifoni nyingi zikifunguliwa mpaka mwisho zinaingia humo bila shida. Unachopata ni mluzi masikioni baada ya kutoka kwenye spika kubwa, na sauti za watu kuwa kama zinatoka mbali, kesho yake inarudi, mtu anajua amepona. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha kwa panya kwamba hata pale usikivu unaporudi vipimo vikasoma kawaida, maungio mengi kati ya seli za sikio na neva yalikuwa yameshapotea moja kwa moja. Kwahiyo hata kupona kunaweza kuwa sio kupona. Mi sioni maana ya kumwambia kijana apunguze sauti ikianza kumuumiza, hiyo ikianza kuumiza ameshachelewa kwa desibeli thelathini na kitu.

Kidogo tu niguse ile habari ya milango mitano ambayo tunairithishana tangu Aristotle. Kuna hisi ya kujua viungo vyako viko wapi bila kuvitazama, inatoka kwenye vipokezi vilivyomo ndani ya misuli na maungio, na unaijua thamani yake ikiondoka. Mwaka 1971 kijana mmoja Mwingereza wa miaka 19 aliugua, kinga yake ikashambulia neva hizo, akapoteza mguso na hisi ya viungo kuanzia shingoni kushuka chini. Misuli ilikuwa mizima kabisa lakini hakuweza hata kukaa, akaja kujifunza upya kutembea kwa kuitazama miguu kwa macho, taa zikizimika anaanguka chini. Kuna hisi ya mizani ndani ya sikio, kuna ya kibofu kujaa, kuna hata seli za jicho ambazo kazi yake sio kuona bali kuiambia saa ya mwili kama ni mchana, na baadhi ya vipofu bado wanazo. Tano ni hesabu ya vitu vinavyoonekana usoni na mikononi, hao wengine wanafanya kazi kimya mpaka siku wakiacha.

Na kuacha ndo kunanileta kwenye maumivu, kipokezi kinachochukiwa kuliko vyote. Maumivu yana neva zake, zipo zenye ala nyembamba ya mafuta zinazokimbiza ule uchungu mkali wa kwanza, mita 5 mpaka 30 kwa sekunde, na zipo zisizo na ala kabisa zinazojikokota chini ya mita 2 kwa sekunde, ndo maana ukigonga kidole cha mguu kwenye kona ya kitanda kuna ule mchomo wa papo hapo alafu kuna sekunde moja ya kusubiri ukijua kabisa balaa lenyewe linakuja. Mwaka 2006 watafiti walieleza kuhusu familia za Pakistani zenye watoto wasiosikia maumivu kabisa tangu kuzaliwa, sababu ni jeni moja iitwayo SCN9A, inayotengeneza kijitundu cha sodiamu kwenye neva za maumivu. Mguso walikuwa nao, joto na baridi walitofautisha, maumivu hakuna. Ungedhani wana raha. Walikuwa na midomo na ndimi walizojing'ata wenyewe, mifupa iliyovunjika na kujiunga ovyo, na mtoto wa kwanza aliyewavutia watafiti, aliyekuwa akifanya maonyesho mtaani ya kujichoma visu na kutembea juu ya makaa, alikufa kabla hajatimiza miaka 14 kwa kuruka kutoka juu ya paa. Daktari Paul Brand aliyefanya kazi na wagonjwa wa ukoma India aliona kitu hicho hicho miaka mingi kabla, kwamba vidole havikuwa vinaozwa na ukoma wenyewe kama watu walivyoamini, neva zilikufa, mtu anashika sufuria la moto, anageuza ufunguo kwa nguvu mpaka ngozi inachanika, na hana habari.

Kisukari kinafanya vivyo hivyo kwa watu wengi zaidi sana. Sukari ikikaa juu miaka inaharibu neva, na kwa kawaida zinaanza zile ndefu kuliko zote, za kwenda vidole vya miguu. Mwanzoni kunaweza kuwa na kuchoma choma na ganzi, alafu choma choma inaisha na mgonjwa anafurahi, kama yule wa shimoni aliyedhani harufu imeisha. Kokoto linaingia kwenye kiatu anatembea nalo siku nzima. Jioni soksi ina damu. Ukimuuliza ilikuwaje anakwambia sikuhisi kitu, na anasema hivyo kama anajitetea kwamba haikuwa kubwa, wakati hiyo ndo taarifa mbaya kuliko ukubwa wa kidonda.

Kipimo cha hili ni bei rahisi mpaka aibu, ni kipande cha uzi wa nailoni kilichotengenezwa kipinde kwa mgandamizo wa gramu 10, daktari anakigusisha kwenye unyayo mgonjwa akiwa amefumba macho, asipokisikia basi ulinzi wa mguu huo umeshaondoka. Miongozo inataka kila mwenye kisukari apimwe miguu angalau mara moja kwa mwaka, na kwa maoni yangu mgonjwa anayetoka kliniki na karatasi ya sukari bila kuvuliwa viatu hajapimwa kisukari, amepimwa sukari tu. Na kama uzi haupo kuna njia iliyobuniwa Ipswich, Uingereza, haihitaji hata kifaa: mgonjwa afumbe macho, ndugu amguse kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa wepesi, bila kubonyeza wala kupapasa, sekunde moja mpaka mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, cha tatu na cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto, jumla sehemu sita. Asitangaziwe unagusa wapi, yeye ndo aseme. Akikosa mbili au zaidi apelekwe kuonwa, na kuanzia siku hiyo viatu vyake vikung'utwe na kupapaswa ndani kwa mkono kabla ya kuvaa, na nyayo zikaguliwe kila jioni kwa macho.